Nimepata mwenyeji Ujerumani, mkuu wa idara hataki niende

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mhadhiri katika chuo kikuu cha umma. Naishi Unguja na mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka 6, mdogo ana 2. Nilitunukiwa PhD miezi 14 iliyopita. Utafiti wangu ni wa mwani, hasa aina ya cottonii, ambayo maji yakipata joto hupauka, matawi yakawa meupe na kukatika kwenye kamba. Wataalamu wanauita ugonjwa huo ice-ice. Nataka kujua ni bakteria gani wanaoingia pale mmea unapochoka, na kama kuna mbegu zinazostahimili.

Septemba mwaka jana niliomba ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya, mwenyeji wangu akiwa profesa mmoja wa kaskazini mwa Ujerumani. Februari majibu yakaja: alama 84.2 kati ya 100, sikupata. Mimi nilivunjika moyo, yeye hakuvunjika. Sasa anasema tuombe ufadhili wa Humboldt, mfuko wa Ujerumani unaowaalika watafiti wa nje, miezi 24, na anataka jibu langu kabla ya mwezi huu kwisha ili aandike tamko lake la mwenyeji.

Shida inaanzia kazini. Mkuu wa idara yangu ndiye aliyenisimamia PhD. Ana mradi mpya wa miaka 3 na amekwisha kuniweka ndani yake, nisimamie kazi za uwandani. Nilipomgusia habari ya Ujerumani alibadilika uso. Alisema nikienda hanihakikishii kama nafasi yangu nitaikuta. Akasema sampuli na data zote za PhD ni mali ya mradi uliozilipia, yaani mradi wake. Nilipouliza kuhusu barua ya mapendekezo akajibu, "Tutaona." Chuo kilinilipia masomo na nilisaini mkataba wa kurudi kutumikia, lakini nakala sina, wala sikumbuki ulisema miaka mingapi.

Nyumbani, mume wangu ananiunga mkono kwa maneno. Yeye ni mhasibu, hawezi kuacha kazi. Anasema niende peke yangu, watoto wakae na mama yangu mzazi, na miaka miwili ni michache. Mama mkwe hasemi kitu mbele yangu, lakini nimesikia anavyosema nyuma. Mimi mwenyewe nikimtazama huyu mdogo moyo unagoma.

Rafiki yangu ananishauri niachane na Ulaya niombe ufadhili wa OWSD, ule wa wanawake wanasayansi wanaobaki nchini kwao. Wenzangu wengine wanasema asiyetoka nje hapandi cheo, na kwamba fursa ya namna hii ukiiacha hairudi.

Nifanyeje, Mama? Nina mkopo wa Bodi bado unakatwa kwenye mshahara, na sitaki kuwa mtu aliyepoteza kazi, utafiti na watoto wake kwa pamoja.

Mtafiti wa Mwani, Unguja

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Umeuliza kama uende au ubaki, lakini ndani ya barua yako yamo maswali manne. Lipo la muda, kwa sababu unaamini mlango unafungwa mwisho wa mwezi. Lipo la kazi na mkuu wako. Lipo la sampuli na data. Na lipo la watoto, ambalo umeliandika kwa maneno machache kuliko mengine, na nadhani ndilo linalokukosesha usingizi. Niruhusu niyatenganishe, maana yakiwa pamoja hayabebeki.

Tuanze na saa inayokukimbiza. Ufadhili wa utafiti wa Humboldt hauna siku moja ya mwisho kwa mwaka. Maombi hupokelewa wakati wowote, na kamati ya uteuzi hukaa mara 3 kwa mwaka. Ukishatuma, andiko lako hupelekwa kwanza kwa wataalamu wa fani yako walisome, ndipo lifike kwenye kikao, na hapo hupita miezi kadhaa. Mwisho wa mwezi, basi, ni ratiba ya profesa wako. Mfuko wenyewe haujakuwekea siku hiyo. Inawezekana ana safari, au anapanga nafasi za maabara, au anataka tu kujua kama bado uko naye. Umemuuliza? Barua pepe fupi inatosha: kwamba nia unayo, kwamba unafuatilia kibali cha mwajiri, na kwamba ungependa kujua kikao gani anakilenga na kwa nini. Mwenyeji makini hachukizwi na swali hilo. Akichukizwa, hilo nalo ni jambo la kulijua kabla hujahamia kwenye maabara yake.

Saa halisi ni nyingine. Kundi la walio karibu na PhD, lenye ukaaji wa miezi 6 hadi 24, ni la waliohitimu ndani ya miaka 4 kabla ya kuomba. Umetumia miezi 14, umebakiwa na miezi kama 34. Umejifungua katika kipindi hiki cha masomo na kazi, kwa hiyo waulize wafadhili namna wanavyohesabu muda wa malezi, uwe na jibu lao kwa maandishi. Baada ya hapo liko kundi la watafiti wazoefu, hadi miaka 12 baada ya PhD, kwa miezi 6 hadi 18, na hilo huruhusu ukaaji kugawanywa mara hadi 3. Utafiti wako unafuata kaskazi na kusi, na watoto wako ni wadogo, kwa hiyo ruhusa ya kugawanya ukaaji inaweza kukufaa kuliko miezi 24 mfululizo. Ila nikwambie na hatari yake: huko utapimwa na watu wenye orodha ndefu ya machapisho, wanaosimamia wanafunzi na kuongoza miradi kwa majina yao. Kusubiri kunafaa tu kama miaka ya kusubiri itazaa makala. Ikiwa utasubiri huku ukisimamia kazi za uwandani za mradi wa mwingine na jina lako likiwa la tano kwenye kila makala, hautakuwa umejisogeza.

Hapohapo niseme neno juu ya 84.2, kwa sababu nahisi unaibeba kama aibu. Mwaka 2024 ufadhili ule wa Umoja wa Ulaya ulipata maombi 10,360. Mwaka 2025, mwaka ulioomba wewe, yalifika 17,058. Fedha hazikuongezeka kwa kasi hiyo, na maandiko mengi mazuri yaliachwa nje. Itoe ripoti ya wasomaji uisome kwa mpangilio wa alama zao: ubora wa sayansi una uzito wa 50%, athari 30%, utekelezaji 20%. Tafuta ulipopotezea. Wengi hupoteza kwenye athari, wanapoandika kwamba "wakulima watanufaika" bila kusema wakulima gani, watapata taarifa au mbegu kwa mkono wa nani, na lini. Wengine hupoteza kwenye utekelezaji, kwa ratiba isiyo na mpango mbadala. Kwako wewe, msomaji angeuliza: ikiwa mwaka huo maji hayakupata joto la kutosha na ugonjwa haukutokea, utafanya nini? Kama andiko halikujibu hilo, alama ziliondokea hapo, na hilo hurekebishwa kwa aya mbili. Ombi lenye alama za chini sana huzuiwa kurudishwa mwaka unaofuata kwa mwenyeji yuleyule, lakini lako halipo huko. Septemba ipo.

Sasa kazi. Mkuu wako alisema hakuhakikishii nafasi. Ningependa ulitazame neno hilo vizuri. Mwajiri wako ni chuo, na katika utumishi wa umma mkuu wa idara hutoa maoni. Kibali cha likizo hutolewa na ngazi za juu yake. Kauli aliyokupa kwa mdomo inaweza kuwa maelezo ya kanuni, au hofu yake, au tishio, na huwezi kujua ni ipi mpaka kuwe na karatasi. Kwanza nenda kwa afisa utumishi uombe nakala ya mkataba wako wa mafunzo kutoka kwenye jalada lako. Usome mambo haya: miaka ya kutumikia ni mingapi, inahesabiwa tangu siku gani, kipindi cha likizo bila malipo kinahesabika au kinasimamisha hesabu, na ukivunja unarudisha kiasi gani. Tofauti ni kubwa mno kati ya mkataba unaokudai miaka 2 na unaokudai 6, na wewe sasa unapanga maisha bila kujua uko upande gani.

Kisha andika barua kwa mkuu wa chuo, ipitie kwa mkuu wa idara na mkuu wa skuli kama utaratibu unavyotaka. Usiombe kuondoka. Omba kwanza kuarifiwa. Kwa mfano: "Naomba kufahamishwa taratibu za likizo kwa mhadhiri anayepata ufadhili wa utafiti nje ya nchi kwa kipindi cha miezi 12 hadi 24, ikiwa ni pamoja na hali ya ajira, upandaji cheo na michango ya hifadhi ya jamii katika kipindi hicho." Barua ya namna hiyo haimgombezi mtu. Inampa mkuu wako nafasi ya kuandika maoni yake, na maoni yaliyoandikwa huwa na adabu kuliko ya mdomo. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Barua zinazokwama hukwama mezani kwa mtu mmoja, na bila muhuri na tarehe huna pa kuanzia kuulizia.

Uliza pia kama likizo itakuwa ya malipo au bila malipo, kwa sababu hapo ndipo fedha zinapovuja. Ukiwa bila malipo, makato ya Bodi ya Mikopo, ile 15% inayokatwa na mwajiri, yanasimama lakini deni halisimami. Itabidi ukubaliane na Bodi namna ya kulipa mwenyewe. Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii nayo inakatika. Fedha ya Humboldt ni posho ya kujikimu, haikatwi kodi ya mapato Ujerumani, na kwa sababu hiyohiyo haikujengei pensheni kule. Ule wa Marie Skłodowska-Curie ni tofauti: taasisi hukuajiri kwa mkataba, na michango ya hifadhi ya jamii inatoka humo. Watu wengi hulinganisha tarakimu ya mwezi tu wakafikiri wamelinganisha ufadhili.

Kuhusu mkuu wako mwenyewe, sijui moyoni mwake kuna nini, na nadhani wewe pia bado hujui. Ana mradi wa miaka 3 na amekuhesabu. Ukiondoka, nani ataingia majini kila bamvu kupima na kuchukua sampuli? Pengine amewahi kuona wahadhiri wakienda nje bila kurudi, na idara ikabaki na vipindi visivyo na mwalimu. Hofu hiyo haihalalishi kukushikia barua, lakini ukienda kwake na jibu la swali lake, mazungumzo yatabadilika. Fikiria kumpelekea pendekezo la ukurasa mmoja: mwanafunzi wa uzamili utakayemfundisha kazi ya uwandani kabla hujaondoka, makala mbili za pamoja zenye majina na mpangilio wa waandishi, na vifaa au mafunzo yatakayorudi idarani. Humboldt haimwachi mtu aliyekwisha kufadhiliwa. Wanasayansi kutoka nchi zinazoendelea wanaweza baadaye kuomba msaada wa vifaa vya maabara kwa taasisi zao. Hilo mkuu wa idara yoyote angependa kulisikia.

Na barua ya mapendekezo. Mwanangu, barua vuguvugu inaumiza kuliko kukosa barua. Wasomaji wa maombi wanazijua: zinataja tarehe za masomo, zinasema mhusika ni mchapakazi, zinaishia hapo. Wewe hutaiona, kwa kuwa barua hizo hutumwa moja kwa moja kwa mfadhili. Kwa hiyo muulize waziwazi, kwa heshima: "Je, uko tayari kuniandikia barua itakayonisaidia?" Swali hilo linampa nafasi ya kukataa bila kugombana. Akisitasita tena, mfikirie mtahini wa nje wa tasnifu yako, au mwandishi mwenza wa taasisi nyingine anayeweza kueleza kitu ulichokifanya kwa mikono yako. Lakini jua kuwa msomaji anaweza kujiuliza msimamizi wa PhD yuko wapi. Mueleze mwenyeji wako hali ilivyo, bila kulalamika, ili tamko lake lizibe pengo hilo.

Tuje kwenye sampuli, na hapa nataka nikae kidogo. Mkuu wako anasema ni mali ya mradi. Anaweza kuwa na haki, nusu haki, au asiwe nayo, na jibu limo kwenye karatasi tatu: mkataba wa mfadhili aliyelipia uchukuaji wa sampuli, sera ya miliki bunifu ya chuo, na kibali cha utafiti, ambacho hutaja jina la mtafiti na kazi iliyoruhusiwa. Mara nyingi sampuli zenyewe hubaki mali ya taasisi, wakati haki ya kuzitumia na kuchapisha hugawanywa kwa makubaliano. Ukishinda mabishano hayo baada ya mwaka mzima, mwaka umekwenda.

Lakini je, unazihitaji kweli? Swali lako kuhusu bakteria linataka mmea ule ule ufuatwe ukiwa mzima, ukianza kupauka, na ukishakatika. Je, sampuli za PhD zilichukuliwa hivyo, au zilichukuliwa kwa lengo jingine? Kama ni jingine, andiko jipya linaweza kusimama kwa sampuli mpya kabisa, na ugomvi wote unakwisha kabla haujaanza. Kusi ya Juni hadi Septemba ni wakati wa maji baridi. Kaskazi ya Desemba hadi Machi ndiyo ya joto. Ukikusanya misimu yote miwili kabla ya kuondoka, kutoka kamba zilezile zenye alama, unaondoka na kitu cha kufanyia kazi. Ukiondoka mapema kwa miezi 24 mfululizo, kaskazi mbili zitapita huko nyuma na utamtegemea mtu mwingine aingie majini siku ambayo mwani umeanza kubadilika rangi, maana akichelewa wiki moja tawi limekwisha kukatika na bakteria aliowakuta ni wa uozo. Hilo lingeua utafiti wako hata mkuu wa idara angekuwa malaika.

Kwa hiyo nauliza, miezi 24 ilitoka wapi? Ni profesa aliyependekeza, au ni kwa sababu ndicho kiwango cha juu? Kazi ya maabara ya kutoa DNA, kuisoma na kuchambua ingeweza kukaa ndani ya miezi 12 ikiwa sampuli ziko tayari. Ombi la muda mfupi lenye sampuli mkononi wakati mwingine huonekana imara kuliko la muda mrefu lenye ahadi. Upande wa pili, miezi 12 ni michache kwa kuandika makala na kujenga jina, na ukifika huko ukakuta foleni ya mashine, miezi 3 inayeyuka. Mfuko hutoa pia mchango wa gharama za utafiti, euro 800 kwa mwezi kwa sayansi asilia, lakini fedha hiyo huenda kwa taasisi mwenyeji, haiji mfukoni mwako. Muulize profesa kwa maandishi ni kiasi gani kitatumika kwa kazi yako, na nani atalipa ikiwa usomaji wa DNA utazidi hapo.

Usisahau vibali. Tanzania na Ujerumani zote ni wanachama wa Itifaki ya Nagoya ya 2010 kuhusu rasilimali za kijenetiki, na sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka mtafiti anayepokea ufadhili athibitishe kwamba nyenzo zilitoka nchini kihalali. Mbegu ya cottonii ililetwa kutoka Ufilipino, lakini bakteria unaowataka ni wa kwenye maji yetu. Utahitaji kibali cha utafiti, na Zanzibar ina utaratibu wake, kibali cha kusafirisha, na mkataba wa kuhamisha nyenzo uliosainiwa na pande mbili. Mkataba huo husainiwa na chuo, hausainiwi na wewe. Unaona basi kwamba hata ukimzunguka mkuu wako kwa barua, utakutana naye tena hapa. Ndiyo maana nisingekushauri uanze safari hii kwa kumficha.

Watoto. Umesema mume wako anaona ni vyema wabaki na mama yako. Na wewe unaonaje? Barua yako imetaja anachosema yeye, anachonong'ona mama mkwe, na moyo wako unaogoma, lakini haisemi kama mmewahi kukaa wawili mkaweka mipango yote mezani. Nyongeza ya posho kwa mwenza na watoto ipo, ila ni kwa wanaokaa nawe Ujerumani. Walioachwa Unguja hawahesabiwi. Mtoto wa miaka 6 sheria ya kule inamtaka awe shuleni, na shule ya umma haina ada, lakini masomo ni kwa Kijerumani tangu siku ya kwanza na miezi ya mwanzo itamwelemea. Wa miaka 2 ana haki ya nafasi kwenye kituo cha malezi. Sheria hiyo ipo tangu Agosti 2013. Kuipata nafasi yenyewe ni kazi nyingine, katika miji mingi huandikishwa miezi mingi mapema, na taasisi mwenyeji yenye ofisi ya kupokea wageni inaweza kukusaidia kama ukiwaambia mapema. Ukifika bila nafasi hiyo utakaa nyumbani na mtoto huku posho inatembea na maabara inakusubiri.

Mume wako akikufuata, kibali cha ukaazi cha mwenza wa mtafiti humruhusu kufanya kazi, ingawa mhasibu asiye na Kijerumani atahangaika. Kwa visa ya familia mtahitaji cheti cha ndoa kilichosajiliwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na tafsiri rasmi ya Kijerumani. Angalieni majina yameandikwa sawasawa kwenye vyeti na pasi zote. Herufi moja tofauti kwenye jina la babu imechelewesha familia nyingi.

Kwenda peke yako kunawezekana pia, na akina mama wengi wazuri wamefanya hivyo. Miezi 6 peke yako ni jambo moja, miezi 24 ni jingine kabisa kwa mtoto ambaye leo ana miaka 2. Ziko njia za kati: kuanza peke yako miezi michache, upate nyumba na kituo cha malezi, ndipo waje, au kwenda na mdogo tu, ingawa kuwatenganisha ndugu nako kuna gharama yake. Ipo pia ziara ya miezi 3 ya Ujerumani kwa watafiti wa Afrika kusini mwa Sahara, inayoendeshwa na TWAS, akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea, pamoja na DFG, shirika la Ujerumani la kufadhili utafiti. Haitoshi kwa utafiti mzima, lakini ingekuonyesha maabara, profesa na wewe mwenyewe mkoje mkiwa pamoja, kabla hujahamisha nyumba.

Mwisho, kubaki. Umeuandika ufadhili wa OWSD kana kwamba ni wa waliokosa. Unatoa hadi dola 50,000 kwa miaka 2 kwa mwanamke mwenye PhD na ajira nchini mwake, ajenge kikundi chake cha utafiti hapohapo. Ule wa L'Oréal-UNESCO kwa wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara hutoa euro 15,000 kwa mwenye PhD. Kwa mtu ambaye mmea wake uko Paje na Jambiani, fedha za kununua vifaa, kumlipia mwanafunzi na kufuata misimu miwili zinaweza kuzaa makala ambayo Ujerumani isingeizaa. Lakini ukibaki, fedha hizo zitapita kwenye akaunti na manunuzi ya chuo, kifaa kinaweza kuchukua miezi kufika, na saa za kufundisha hazipungui zenyewe. Na utakuwa chini ya mkuu yuleyule. Kabla hujaomba, pata ahadi ya maandishi ya saa utakazopunguziwa, la sivyo utakuwa na ruzuku na vipindi 16 kwa wiki. Wanaosema asiyetoka nje hapandi, waombe wakuonyeshe kanuni ya upandaji vyeo ya chuo chako. Soma inahesabu nini: makala, uandishi wa kwanza, wanafunzi uliosimamia, fedha ulizoleta. Weka kila njia mbele ya kanuni hiyo uone inakupa nini.

Kuomba mbili kwa wakati mmoja kunaruhusiwa mara nyingi, kuzipokea mbili hakuruhusiwi, na kila mfadhili hutaka umtajie maombi mengine uliyo nayo. Kumbuka pia kwamba ukikaa Ujerumani zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuomba, ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie kwenda Ujerumani hiyohiyo unakufungia. Utabidi utafute mwenyeji wa nchi nyingine. Mpangilio wa nini kitangulie una uzito kuliko watu wanavyodhani.

Wiki hii, kama ningekuwa karibu nawe, ningependa kuona mambo matatu yakitoka mikononi mwako: ombi la nakala ya mkataba kwa afisa utumishi, barua pepe kwa profesa ukimuuliza kikao na urefu wa muda, na jioni moja na mume wako mkiwa na kalamu, mkiandika miezi 12 na miezi 24, watoto wako wapi kila mwezi, nani analipa nini. Mama yako mzazi awemo kwenye mazungumzo hayo mapema, kwa sababu naye hajaulizwa, na malezi ya watoto wawili katika umri wake si ya kudhaniwa tu. Ukishapata mkataba, niandikie tena unitajie miaka iliyobaki. Usinitajie chuo wala jina la mkuu wako, sihitaji. Nikijua miaka hiyo tutaweza kuzungumza habari ya Septemba na ya kusi kwa tarehe kamili.

Mama Mshauri